Nyumba Iliyohesabiwa Tupu

Majivu hayajapoa, Kampuni imekwisha kuniandikia taarifa yangu.

Kurasa mbili, zimepigwa chapa vizuri, na chini kabisa jina langu: Tasiana Mwinuka, Mkaguzi wa Moto, Mji wa Ihanga Mpya. Pa kutia sahihi pameachwa wazi. Bwana Ayubu Chengula, meneja wa Kampuni ya kompyuta za nyumbani kwa wilaya zetu, alinikabidhi pale pale uani, mbele ya ukuta uliokuwa bado unafuka moshi.

"Nimekurahisishia kazi, dada," alisema.

Miaka ishirini na sita nimekagua moto. Nimekagua ghala la mbao, bweni la shule, kiwanda cha chai. Sijapata kuona mtu akija na chanzo cha moto mfukoni wakati mwenye msiba hajamaliza hata kulia. Nilisoma kwa sauti ili majirani waliokuwa wamesimama kwenye ua wasikie.

"Chanzo: shuka lililoanikwa juu ya kompyuta ya nyumbani na kuziba matundu ya hewa. Sababu: uzembe wa Bi. Atukuzwe Mgaya, aliyeiacha kompyuta ikiwaka pasipo mwangalizi, kinyume cha ukurasa wa sitini na moja wa mwongozo."

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema Chengula.

"Pasipo mwangalizi? Si ninyi mliotwambia haizimwi?"

"Haizimwi. Lakini pia haianikiwi nguo."

Nilitamani kumtia ile karatasi mdomoni. Badala yake niliikunja, nikaingia ndani.

Sebule ndiyo iliyoungua yote. Kitanda cha Bibi Editha, mama yake Atukuzwe, aliyefia humo, kilikuwa sebuleni, si chumbani, na mtu yeyote wa Ihanga angekwambia kwa nini. Mwezi wa sita huku kwetu barafu hulala juu ya majani mpaka jua lichomoze, na chumba chenye joto ndani ya nyumba ni kimoja tu, kile chenye kompyuta. Ina ukubwa wa debe, ina rangi ya maziwa, inavuma polepole usiku na mchana. Tunaiita mpangaji, kwa sababu ilikuja ikapewa kona yake, inakula umeme wake yenyewe, na haijui kuondoka. Ziko elfu nne mjini, kila nyumba moja, na zote zikiunganishwa ndizo kompyuta moja kubwa inayoendesha maji, shule na hospitali. Kitufe cha kuzimia kimepigwa lakiri. Ukiivunja, simu italia kabla hujaweka chini bisibisi.

Kutoka kitandani mpaka kwa mpangaji nilipima kwa mkanda. Mita moja na sentimita arobaini.

Bibi Editha alikuwa amepooza miaka mitatu. Upande wa kulia haukufanya kazi, na wa kushoto ulifanya kidogo. Alikuwa na macho tu, na macho hayapigi kelele. Mwili wake walikuwa wameshautoa nilipofika, nikamshukuru Mungu kwa hilo, kisha nikaona haya kushukuru.

"Hakuna aliyeona moshi?" nilimuuliza Mzee Nyagawa, mjumbe wa mtaa, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nani aone, mama? Mtaa mzima tulikuwa makaburini, tunamzika Mlowe."

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Huku kwetu mtu akifa mtaani, nyumba zote hufungwa. Anakwenda mkubwa, anakwenda mdogo, anakwenda na yule mliyenuniana naye tangu mwaka juzi. Asiyekwenda kuzika, siku yake atazikwa na nzi. Hiyo si sheria iliyoandikwa mahali, lakini sijaona iliyoandikwa inayofuatwa kama hiyo.

*

Atukuzwe walikuwa wamemweka kituo cha polisi, kwenye benchi, miguu mitupu, mikono ya sweta imeungua mpaka viwikoni. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Askari aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wanasubiri taarifa yangu tu. Ikisema uzembe, kosa ni kuua bila kukusudia, na mwanasheria wa Kampuni amekwisha kupiga simu mara mbili kuuliza imefikia wapi.

"Shikamoo, mama," alisema Atukuzwe bila kuinua uso.

"Marahaba, mwanangu. Niambie ulivyotoka."

"Nilimgeuza. Nikamnywesha uji. Nikamwambia, mama, nakwenda kumzika baba Mlowe, nikirudi nakukanda. Akafumba macho mara mbili. Mara mbili ni sawa, mara moja ni hapana. Saa moja tu, mama. Nilikwenda saa moja tu na nusu."

"Na shuka?"

"Lilikuwa lake. Alikuwa amelilowesha. Mvua hii ya manyunyu, utaanika wapi? Kila mtu anaanika kwa mpangaji."

"Nani alikwambia uanike pale?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Fundi wao. Siku anaileta. Alisema, dada, mna bahati, na mgonjwa ndani, hapa mashuka yatakauka kabla hujamaliza kusonga ugali."

Nilimwamini. Hata mimi nimeliona lile bango lao pale sokoni, bibi kizee anayeotea viganja kwenye kompyuta huku anacheka na meno yake mawili, na chini maneno makubwa: JOTO LA BURE. Ukurasa wa sitini na moja nani ausome, wakati ukurasa wa kwanza wameubandika sokoni?

"Mwaka jana nilitaka kuizima," Atukuzwe aliendelea. "Ilikuwa inavuma sana, mama halali. Wakanipigia simu. Dada mmoja mwenye sauti nzuri, akaniambia, sasa hivi kuna mtoto njiti hospitalini anapumua kwa kompyuta yako, unataka kumzimia? Sikuigusa tena."

Ukimfunga mtu kwa kamba, angalau anaiona.

"Ni mimi niliyemuua, mama?"

Mkaguzi hasemi kabla hajakagua, ndivyo nilivyofundishwa, na siku hiyo niliuchukia ufundi wangu.

*

Kila mpangaji ana kumbukumbu yake ndani ya kibweta cha chuma kisichoungua. Sheria inampa mkaguzi ruhusa ya kukifungua, ila mimi sikuwahi kujisumbua. Kampuni ilikuwa inaleta muhtasari, nami nilikuwa nasoma muhtasari. Safari hii nilikifungua mwenyewe, mezani kwangu, mlango umefungwa.

Kumbukumbu ni mistari tu, na mtoto wa darasa la tano angeielewa.

Saa 3:20 asubuhi. Watu: 1. Kazi: 31 kwa mia. Joto: 44.

Saa 3:40. Watu: 0. Kazi: 100 kwa mia. Joto: 58.

Saa 4:05. Watu: 0. Kazi: 100 kwa mia. Joto: 97.

Saa 4:25. Watu: 0. Kazi: 100 kwa mia. Joto: 139.

Baada ya hapo hakuna mstari.

Niliusoma mara tatu ule wa pili. Nyumba yenye mama amelala chini ya mita moja na nusu kutoka kwenye mashine, na mashine imeandika hakuna mtu. Tena si hivyo tu. Ilipoona hakuna mtu, ndipo ikaongeza kazi, kutoka theluthi mpaka mwisho wa nguvu zake.

Nikaenda stoo kutafuta mafaili ya zamani. Mioto saba ya wapangaji kwa miaka mitatu. Mmoja jiko, mmoja ukuta, mmoja kuku wote wa mtu, hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Nikachukua daftari la mazishi la mjumbe wa kila mtaa, nikalinganisha tarehe. Yote saba ilitokea siku ya kuzika, saa za kuzika, wakati mtaa mzima uko makaburini. Na yote saba iliandikwa uzembe wa mwenye nyumba, na chini ya kila moja palikuwa na sahihi iliyopinda kidogo kushoto. Sahihi yangu.

Nilipiga meza mpaka kalamu zikaanguka. Hasira niliyokuwa nayo kwa Chengula nilikuwa ninaijua. Hii nyingine ilikuwa mpya, nayo ilikuwa yangu peke yangu.

*

Nilimwita Chengula ofisini, nikamwita na Daktari Luvanda wa wodi ya njiti, mwanamke mwembamba ambaye sijawahi kumwona amekaa. Nikaweka mistari ile mbele yao.

"Nieleze," nilimwambia Chengula.

Alisoma, akarekebisha tai. "Dada Tasiana, hii ni kawaida. Watu hawapendi mashine ivume wakiwa na wageni. Kwa hiyo wakiwepo inafanya kazi kidogo, wakiondoka inafanya nyingi. Ni heshima kwa mwenye nyumba."

"Heshima. Inajuaje wameondoka?"

"Inahesabu simu zilizomo ndani. Na kama hakuna simu, inatazama mwendo. Mtu akitembea, akiinua mkono, inamwona."

"Bibi Editha hakuwa na simu."

"Sawa."

"Na hakuwa akitembea."

Daktari Luvanda alijishika mdomo.

"Kwa hiyo hakuwepo," nilisema.

"Kwa hesabu za mashine, hapana. Ni bahati mbaya."

"Mashine imejifundisha yenyewe kuhesabu? Chengula, wewe mama yako kazikwa Ihanga hapa hapa. Mtaa mzima ulikuja. Unajua siku ya kuzika nyumba mia tatu zinakaa tupu kwa mpigo. Ninyi mmeona nyumba tupu mkafurahi, mkazibebesha mzigo. Mashine inachemka kupita siku zote saa ile ile ambayo hakuna jirani wa kuona moshi. Hukujua?"

"Taarifa kama hizo ziko makao makuu."

"Nimekuuliza wewe."

"Tulijua zinapata joto," alisema hatimaye. "Ndiyo maana kuna ukurasa wa sitini na moja."

Nikachukua ile taarifa yake ya kurasa mbili, nikaichana mbele yake, vipande vinne. Si ustaarabu, lakini ilinisaidia kupumua.

Chengula hakukasirika. Alijua ana kete nyingine, akaicheza taratibu. "Ukiandika kwamba kasoro ni ya mashine, unajua kanuni. Mashine zote za aina hiyo zizimwe mjini siku hiyo hiyo, au zisiachwe zikiwaka pasipo mtu mzima chumbani. Zima elfu nne. Halafu mwambie daktari hapa nini kitatokea wodini kwake."

Daktari Luvanda hakumtazama. Alinitazama mimi. "Nina njiti kumi na mmoja. Mdogo kabisa ana gramu mia tisa. Kila pumzi yao inapimwa na hiyo kompyuta, kila sekunde. Zamani tulikuwa na kompyuta yetu chini ya jengo. Waliiondoa wao wenyewe, wakasema hatutaihitaji tena."

Basi ikawa hivyo. Upande mmoja Atukuzwe, na miaka gerezani kwa kosa la kufundishwa kuanika shuka na kukatazwa kuzima. Upande wa pili watoto kumi na mmoja ambao hawajamkosea mtu. Na Chengula katikati, mikono safi, ananiachia mimi nichague. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na hiki tulikitandikia kitambaa cha kufuma tukakipa kona nzuri ya sebule.

"Kanuni inasema *au*," nilisema.

"Unasemaje?"

"Zizimwe, au zisiachwe peke yake. Watu huisoma nusu ya kwanza. Sitazima hata moja. Kila nyumba itakaa mtu, yuko macho, anatembea, anainua mkono, mchana na usiku, mpaka mlete kompyuta ya hospitali mliyoiondoa. Mashine ikimwona mtu, inashuka mpaka theluthi. Haichemki."

"Theluthi haitatosha wodi!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Na mji mzima utalala macho? Kampuni iliahidi haihitaji mtu!"

"Ndiyo hiyo ahadi inayoungua."

Daktari Luvanda aliuliza polepole, "Itatosha, Tasiana?"

Ningeweza kumdanganya. "Sijui, daktari."

Alijifunga vizuri koti lake. "Waleteni mama zao wote, wasikae tena kwenye korido. Mashine ikilegea, mtoto anakwenda kifuani, ngozi kwa ngozi, na muuguzi anahesabu pumzi kwa kidole. Tulifanya hivyo kabla Kampuni haijazaliwa." Alielekea mlangoni. "Andika ukweli wako."

Niliandika. Chanzo: kompyuta ya nyumbani iliyozidishiwa kazi na wamiliki wake wakati ilipodhani hakuna mtu. Mwenye nyumba hana kosa. Nikaandika na nyongeza ya mioto saba, na kwamba mkaguzi aliyeisaini vibaya ni mimi.

Atukuzwe aliachiwa jioni ile.

*

Mji ulinitukana, sikatai. Wazee walikesha kwenye makochi wakipokezana na wake zao, shule zilifungwa walimu wakae majumbani, na sokoni walisema Tasiana amegeuza watu kuwa walinzi wa madebe. Lakini walikaa. Kila mmoja aliwahi kupigiwa simu na yule dada mwenye sauti nzuri, na kila mmoja alijua kuna njiti.

Siku ya pili, saa nane mchana, theluthi haikutosha. Mashine tatu wodini zilisimama kwa mpigo. Wauguzi waliwatoa watoto watatu, wakawafunga vifuani mwa mama zao. Wawili waliendelea kupumua. Yule wa gramu mia tisa akakata roho. Alikuwa bado hajapewa jina.

Chengula alinipigia yeye mwenyewe kunipa habari niliyokwisha kuipata. "Huyo ni wako," alisema.

"Ni wangu," nilimjibu. "Nimekwenda kwa mama yake, nimepiga magoti, amenifukuza, ana haki. Wewe umekwenda kwa Atukuzwe?"

Alikata simu. Kesho yake kompyuta ya hospitali ilipakiwa kwenye lori huko ilikokuwa imefichwa miaka yote, bado siku mbili za njia ifike. Nao walikuwa wakisema haipo.

Siku ya tatu ilikuwa ya kumzika Bibi Editha, na hapo ndipo Mzee Nyagawa aliponijia na kofia mkononi tena. Sikuwahi kumwona akiwa na hasira kabla ya siku hiyo.

"Mama mkaguzi, tufanyeje? Tukienda wote, nyumba zinabaki tupu. Tusipokwenda, mtoto wa watu atamzika mama yake na nani? Huyu ameungua kwa sababu alikaa peke yake. Na kaburini aende peke yake?"

Atukuzwe alikuwa nyuma yake, amejifunga kanga nyeusi ya kuazima. Alikuwa amesikia habari za mtoto wa gramu mia tisa. Mji mdogo hauwezi kuficha kitu.

"Wakae," alisema. "Mzee, waambie wakae. Mimi ninajua mtu anakuta nini akirudi kutoka kuzika."

"Huwezi kubeba jeneza peke yako, mwanangu," nilisema.

"Watu sita wanatosha kubeba."

"Kubeba, ndiyo. Kuzika hapana," alisema Mzee Nyagawa. Wala hakumwambia yeye, aliniambia mimi.

Nilikuwa na wazimamoto kumi na wanane, na makarani wa manispaa, na wauguzi wa zamu iliyokwisha ambao daktari aliwatuma bila kuombwa. Hatukufika hata sitini, na nyumba za mtaa ule ni mia tatu. Tulichukua nyumba za wale waliokuwa wakimgeuza Bibi Editha, wakimchotea maji, wakimwimbia. Wengine zaidi ya mia mbili na arobaini walibaki milangoni mwao. Kwa mara ya kwanza tangu Ihanga iwe mji, mtaa haukuzika mtu wake, na aliyeandika amri hiyo ni mimi.

Mimi nilipewa sebule ya mjane wa Mlowe. Yeye mwenyewe mumewe alizikwa saa ile ile Bibi Editha akiungua, na alisema asipokwenda hatalala tena maisha yake. Aliondoka na simu yake mfukoni. Yangu ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji tangu asubuhi. Nikakaa kwenye kiti chake, mpangaji wake mbele yangu, kitambaa cha kufuma kimekunjwa pembeni.

Nilisikia jeneza likipita nje. Waimbaji walikuwa wachache, sauti zao hazikujaza hata barabara. Kutoka milango ya pande zote mbili watu walikuwa wakidakia wimbo bila kutoka, kila mmoja kizingitini kwake, na wimbo ukapokelewa nyumba kwa nyumba mpaka ukapinda kuelekea makaburini. Nilitaka kusimama mlangoni na mimi. Lakini mlango wa mjane uko nyuma ya ukuta, na kule mashine isingeniona.

Ilianza kuvuma. Kwanza kidogo, kisha zaidi, kama maji yanayokaribia kuchemka. Nilikuwa nimekaa kimya nikilia, sitikisiki, na taa yake ndogo ikabadilika rangi. Ilikuwa imekwisha kuamua.

Nikainua mkono, nikaupunga. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, sare ya serikali mwilini, napungia debe mkono huku nje wanazika.

"Nipo," niliiambia. "Nipo, mshenzi wewe. Hesabu."